Picha ya Kosa la Tatu

Njoro, Ijumaa, 3 Oktoba 2025
Kwa Nyakio, mapokezi, Zahanati ya Mwangaza, Kihoto
Nakala: Bwana Micah, mkurugenzi

Dada Nyakio,

Sasa? Bwana Micah ameagiza kwamba kila Ijumaa nikuandikie nimefika wapi na kazi, nawe unijibu kinachokukera, naye asome nakala akiwa ametulia na chai yake. Basi hii ndiyo ripoti ya kwanza.

Skrini ya kuingilia imesimama. Unakumbuka nilipowawekea Linux, ule mfumo mpya wa kuendesha mashine, kompyuta ikiwashwa ilikuwa inatoa ukurasa mweusi na maandishi meupe, daktari akasema imekufa. Haikuwa imekufa, ni vile tu Linux haijui kujipamba. Sasa nimeipamba. Ukiwasha unaona picha ya ziwa, na juu ya ziwa wafanyakazi wote wanane wamejipanga, kila mmoja na uso wake na majina yake matatu kama nilivyoyatoa kwenye faili za ofisi. Unabonyeza uso wako, unaandika neno la siri, umeingia. Picha yako imetoka vizuri kuliko za wengine wote, hata sikuigusa.

Kuna vitu viwili nimeongeza kwa sababu ya Mzee Ooko wa maabara, ambaye husahau neno lake la siri kila asubuhi. Cha kwanza, mtu akikosea mara tatu, kamera inampiga picha na kunitumia, ili nijue kama ni mwizi au ni Mzee Ooko. Cha pili, baada ya hapo kompyuta inamwonyesha kidokezo alichojiandikia mwenyewe ili akumbuke. Kila mtu ajaze chake wiki hii.

Niambie pia skrini ijifunge baada ya dakika ngapi mtu akiiacha.

Khisa


Kihoto, Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kwa Khisa, Njoro
Nakala: Bwana Micah

Khisa,

Salamu kwako na kwa mama yako. Ripoti nimeisoma. Kompyuta inawaka haraka na daktari ameacha kuogopa. Mzee Ooko amepigwa picha siku nne mfululizo, mdomo wazi, na anauliza kama zitatoka kwenye gazeti.

Picha ya ziwa ungeitoa. Sisi ziwa tunaliona kila siku, na mwaka huu linazidi kutusogelea. Wiki jana lilikuwa kwa ploti ya tatu, leo liko kwa ploti ya pili.

Kujifunga: weka dakika mbili. Nikiinuka kwenda kwa rafu za dawa, wagonjwa wananyoosha shingo wasome kadi za wenzao. Hiyo nakuomba uifanye kesho.

Kidokezo nimejaza. Nimeandika "siku ya mtoto wangu", hiyo siwezi kusahau hata nikiwa na homa.

Jambo la mwisho. Jina langu lile lote halihitajiki pale mbele. Naomba ulitoe. Na picha pia, kama si shida.

Mapokezi


Njoro, Ijumaa, 10 Oktoba 2025
Kwa Mama Jerry, Kihoto
Nakala: Bwana Micah

Mama Jerry,

Kwanza naomba radhi. Nilivyosoma barua yako nilishikwa na aibu, maana siku ile nilipokuja kufunga mitambo nilisikia kila mtu hapo anakuita Mama Jerry, hata Bwana Micah ambaye ni mkubwa wako kwa miaka, halafu mimi kijana mdogo nakuandika Nyakio, Nyakio, kama mtu tuliyekaa dawati moja. Mama yangu, Naliaka, angeisoma barua yangu angenivuta sikio. Kwao mtu akishazaa, jina lake analiita mume wake na waliomzaa, basi.

Nimerekebisha. Kwenye skrini sasa umeandikwa "Mama Jerry" kwa herufi kubwa. Nimefanya hivyo kwa akina mama wote, na Bwana Micah amefurahi sana, anasema sasa inafanana na nyumba ya watu.

Picha nayo nimeelewa. Ile ya faili ilikuwa ndogo na umekunja uso. Nimechukua ile mliyopigwa siku ya chanjo, unacheka, nikaikuza. Na kila anayetoka, uso wake ndio unabaki katikati ya skrini peke yake mpaka mwingine aingie. Dakika mbili pia ziko tayari.

Hapo sasa utanipa alama.

Khisa


Kihoto, Jumatano, 15 Oktoba 2025
Kwa Khisa, Njoro
Nakala: Bwana Micah

Khisa,

Maji yameingia jana saa nne asubuhi. Tulibeba dawa kwa mabeseni na kompyuta tukaifunga kwa lesso yangu, na sasa zahanati iko kwenye ukumbi wa kanisa huku juu. Winrose, mama anayetunza ukumbi na kushika funguo zake, ametupa kila kitu hadi sufuria. Jerry akitoka shule anakaa naye jikoni hadi nimalize. Huyu mama Mungu alimwumba siku aliyokuwa na nafasi. Hata keki ya Jerry alipofikisha miaka sita, ni yeye aliipika.

Sasa sikiliza kuhusu skrini. Ukumbi una soketi moja tu inayofanya kazi na iko mlangoni, kwa hivyo meza imewekwa mlangoni, na kompyuta inaangalia benchi ya wagonjwa. Mimi nyuma nahangaika na dawa. Kila dakika mbili inajifunga, na ikijifunga mimi ndiye ninatokea, ninacheka, mkubwa kama kalenda, na jina la mtoto wangu chini. Watu thelathini wanakaa hapo kuanzia asubuhi wakiniangalia. Hawana kitu kingine cha kuangalia.

Sikukasirika kuitwa Nyakio. Sikutaka kuitwa Mama Jerry pia. Nataka pasiwe na jina na pasiwe na uso. Bwana Micah, naomba msamaha kwa kusisitiza. Sipendi tu.

Mapokezi


Njoro, Ijumaa, 17 Oktoba 2025
Kwa Mama Jerry, Kihoto
Bila nakala

Mama Jerry,

Hii sijaituma kwa Bwana Micah. Nimemwuliza kuhusu nyuso na amekataa, anasema zikae hadi mwisho wa mwezi, kuna wageni wanaofadhili ambao watakuja kuona, na kitu walichopenda kwenye picha nilizowatumia ni hizo nyuso zenyewe.

Niseme ukweli, nimeumia kidogo. Nimekaa na hiyo skrini wiki sita. Ni kazi yangu ya kwanza ambayo watu wataiona, na wewe unayeitumia kila siku kila wiki unaniambia nitoe kile watu wanachopenda. Kama kazi ni mbaya niambie ni mbaya. Kama ni mimi nimekukosea, niambie pia. Lakini "sipendi tu" sijui nitaiandika wapi kwenye programu.

Khisa


Kihoto, Jumanne, 21 Oktoba 2025
Kwa Khisa peke yake

Khisa,

Nakuandikia kwa simu kwa sababu mtandao wa kompyuta umekatika tangu Jumapili, kile kisanduku chake kilinyeshewa. Isome hadi mwisho, halafu usimwambie mtu.

Kazi yako si mbaya. Naogopa. Ningekwambia mapema lakini barua zote zilikuwa zinapita kwa Bwana Micah, na Bwana Micah akijua kitu leo, Jumapili kanisa zima linakiombea.

Mimi ni wa Dundori. Mume wangu anaitwa Waithaka, ananunua viazi kwa wakulima na kupeleka sokoni kwa pikapu yake. Ukikutana naye utampenda. Ana salamu nzuri, anajua majina ya watoto wa kila mtu. Nyumbani alinivunja mkono huu wa kushoto mara mbili, na mara ya pili Jerry alikuwa amenishika sketi. Aliniambia nikitoka atamchukua Jerry, na mimi sitamwona tena akiwa hai, hatahangaika kunikimbiza, ataniletea mtoto kwa jeneza. Alisema akiwa anakula, hakupaza sauti. Watu wangu waliketi naye, akalia, wakanirudisha, mara zote mbili. Mara ya tatu sikuwauliza.

Huku Kihoto nina mwaka na miezi mitatu. Jina langu lilikaa kwenye faili ya ofisi tu hadi ulipoliweka kwenye skrini. Wengine ni Mama Jerry, Mama Jerry, na nilishukuru kwa sababu nchi hii imejaa akina Mama Jerry. Jina la mtoto sikuweza kulibadilisha. Alikuwa anakaribia miaka mitano, anajua anaitwa Jerry. Lakini jina hilo chini ya uso wangu, hapo sasa si Mama Jerry yeyote tena.

Jana mgonjwa mmoja aliyekatwa kidole na kamba alikaa kwenye benchi. Mimi nikiwa kwa rafu nikasikia, "Ai! Si huyu ni Mama Jerry wa Dundori? Kumbe ako huku!" Ni Kiarie, anayepakia magunia kwa gari ya Waithaka. Si mtu mbaya, alikuwa amefurahi. Nilijifungia stoo nikaketi juu ya katoni za glavu mpaka akaenda. Winrose alinikuta hapo, nikamweleza yote, akanishika tukaomba. Kwa hivyo mnaojua ni wawili, yeye na wewe.

Zile dakika mbili niliziomba mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo inanikula.

Toa uso wangu, Khisa. Nakuomba kama mama anavyoomba.

Nyakio


Njoro, Jumanne, 21 Oktoba 2025
Kwa Mama Jerry peke yake

Mama Jerry,

Nimesoma nikiwa nimesimama na bado nimesimama.

Nimetoa kila kitu. Skrini mpya haina uso, haina jina, haina orodha. Ni kisanduku kimoja cheupe, anayetaka kuingia ajiandike mwenyewe. Imenichukua dakika kumi na moja. Wiki mbili uliniomba na ilikuwa kazi ya dakika kumi na moja, na mimi nilikuwa naumia kwa sababu ya sifa.

Shida ni kwamba kompyuta ya huko hainifikii bila mtandao. Fundi ameahidi kuurudisha Jumatatu. Mpaka wakati huo ichomoe kabisa kwa soketi kila unapoinuka. Wakikuuliza, sema inapata joto, sema ni mimi nimeagiza.

Nimeongea na mama yangu. Hakuniuliza hata swali moja, ameenda kutandika kitanda. Pahali sitapaandika hapa, nitakupigia. Ukiona chochote usingoje kuwa na uhakika.

Khisa


Alhamisi, 23 Oktoba 2025
Kwa Khisa

Amekuja.

Daktari aliichomeka kompyuta kutafuta kadi ya mtoto mwenye degedege, akaiacha. Niliangalia kutoka kwa rafu nikaona mgongo. Huo mgongo naujua. Amekaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, kofia magotini, anaiangalia skrini kama mtu aliye kanisani. Hana haraka. Amemsaidia nyanya mmoja kuketi.

Winrose ametutoa kwa mlango wa jikoni, akampa Jerry mkate. Tuko barabarani. Namba hii anaweza kuwa ameipata, kwa hivyo naizima na kutupa laini. Usiniandikie huku.


Kutoka kwa anwani ya Nyakio, Jumatatu, 27 Oktoba 2025, saa saba na dakika ishirini mchana
Kwa Khisa

Mpendwa Khisa,

Bwana asifiwe sana. Mimi na mtoto tuko salama kwa neema yake. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yangu ilipotea na namba zote zimeenda nayo. Tafadhali nikumbushe kwa uzuri pale mahali tulipopanga nikae ni wapi hasa, na jina la mama mwenye boma, ili niwaelekeze watu wetu wa kanisa waje kututembelea na kutuombea. Usiwe na wasiwasi wowote. Mungu anaweza kubadilisha moyo wa mtu yeyote, na familia ni kitu anachokipenda.

Nijibu leo.

Mama Jerry


Nakuru mjini, Jumanne, 28 Oktoba 2025
Kwa Mama Jerry, nyumbani kwetu Njoro
Kwa mkono wa Kiptanui wa maziwa

Mama Jerry,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimepiga simu ya mama tangu saa mbili na haipatikani. Naona ameiacha tena kwa jirani ikichajiwa. Mimi nimeshikwa na kazi huku mjini hadi jioni, lakini Kiptanui anarudi Njoro sasa na mitungi yake mitupu, atakupa hii bahasha mkononi mwako.

Jana mchana nilipata barua kutoka kwa anwani yako. Inaniuliza uko wapi. Saa saba na dakika ishirini, saa hiyo hiyo nilikuwa jikoni kwa mama, na wewe ulikuwa mbele yangu unamenya viazi, unamwambia Jerry asikanyage kuku. Sikusema kitu, sikutaka uogope kabla sijajua. Wala sikuijibu.

Leo asubuhi nikaingia kwenye kompyuta ya huko, maana mtandao ulirudi jana, na nikakuta imenitumia ilichokuwa imeweka, kwa sababu picha huzituma usiku. Jana saa saba, wakati wenzako wameenda kula, mtu aliubonyeza uso wako. Alikosea neno la siri mara moja, mara mbili, mara tatu. Kompyuta ikamwonyesha kidokezo chako, "siku ya mtoto wangu". Mara ya nne aliingia. Barua pepe yako hapo hufunguka yenyewe, akakaa akaniandikia.

Mimi nikasema ni Waithaka, nani mwingine anajua siku aliyozaliwa Jerry. Lakini kamera ilimpiga picha kwenye kosa la tatu, kama Mzee Ooko. Nimeichapisha, iko humu ndani. Si mwanamume. Ni mama mmoja mnene wa umri wako au zaidi kidogo, kitambaa cha manjano kichwani, na macho yamevimba kama ametoka kulia. Hayuko kati ya wale wanane wa skrini. Simjui kabisa.

Mwangalie. Niambie ni nani. Kiptanui atapita tena saa kumi kuchukua maziwa ya jioni, mpe jibu.

Neno lako la siri nimelifuta na ile skrini mpya nimeiweka leo. Uso wako haupo tena. Najua nimechelewa.

Khisa


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, Njoro, Jumanne

Khisa,

Ni Winrose.

Nimeiangalia picha hadi mama yako akaninyang'anya. Hicho kitambaa ni mimi nilimpa Krismasi. Keki ya Jerry alipika tarehe kumi na nne Agosti, aliiandika tarehe juu kwa sukari ya rangi.

Usimtukane. Mimi najua kilichotokea kana kwamba nilikuwa hapo. Waithaka hakupiga mtu. Alikaa kwenye benchi siku ya kwanza, akakaa siku ya pili, akalia mbele ya Winrose, akamwambia amebadilika, amemkosa mtoto wake. Hata mimi amewahi kunishawishi hivyo, na mkono ukiwa bado kwenye plasta. Winrose aliomba na mimi, sasa ameomba na yeye, na anaona anajenga nyumba ya watu.

Lakini kuna kitu hujui. Leo asubuhi, kabla mama hajapeleka simu kwa jirani, nilimwomba nipige simu moja. Nilimpigia Winrose. Namba yake ndiyo ya pekee niliyoishika kichwani. Nilitaka kumshukuru kwa ule mlango wa jikoni na kwa mkate. Akafurahi, akalia. Akaniuliza, "Na mmefika wapi, mamii, mnalala wapi, mnakula?" Nikamwambia. Khisa, nilimwambia vizuri kabisa, kama mtu anayeelekeza wageni wa harusi. Kinu cha ngano, ukikipita nyumba ya pili, geti ya bluu, kwa mama Khisa. Hiyo ilikuwa saa mbili kasoro, na sasa ni saa saba unusu. Kutoka Kihoto hadi hapa si safari.

Nilitoa uso wangu kwa skrini, halafu nikaenda nikajitaja kwa mdomo.

Tunatoka sasa hivi kwa nyuma, kupitia shamba la ngano. Jerry nimemwambia ni mchezo na amevaa viatu kinyume. Mama yako amenionyesha mtu atakayetupeleka mbele, na mahali sitakuambia, si kwa sababu sikuamini. Ni kwa sababu ninaona mtu mwema ndiye anayeulizwa kwa upole, na mtu mwema hujibu.

Ile kamera niliicheka. Bila hiyo ningekuwa hapa mezani nikinywa chai.

Nyakio


Chini yake, kwa kalamu nyingine

Mwanangu Khisa,

Mimi si mtu wa kuandika lakini simu bado iko kwa jirani, na siwezi kwenda kuichukua, nitakwambia kwa nini.

Walitoka saa nane kasorobo. Nilisimama mlango wa nyuma mpaka ngano ikawafunika, kwanza mtoto, halafu yeye. Hakuna aliyewaona ila kuku.

Saa tisa pikapu imesimama getini, ina vumbi la viazi. Mwanamume amebisha na kungoja aambiwe karibu. Ana adabu, Khisa. Amenishika mkono kwa mikono miwili akaniita mathe, kama mama aliyemzaa. Amesema anatafuta familia yake, kuna mama mmoja wa kanisa amemwelekeza hapa. Nikamwambia hapa mama ni mimi peke yangu, na mtoto wangu ana ndevu. Akacheka. Akaomba maji, nikampa. Sikumwaga hata tone.

Alipokuwa akinywa aliangalia meza. Vikombe vya chai vilikuwa viwili, mimi kwa haraka nilisahau kukiondoa cha pili, na kilikuwa kimejaa, na bado kinatoa mvuke, maana nilikuwa nimejimiminia nyingine na mkono ukamiminia vyote viwili kwa mazoea ya siku hizi tano. Akasema, "Mathe, una mgeni?" Nikasema ni kikombe cha mwanangu, hutoka kazini saa hizi, hunywa chai hapo hapo. Akakiangalia tena. Akasema, "Basi nitamngoja nimsalimie."

Yuko nje. Amekaa kwenye gari, mlango wazi, anaangalia geti. Hana haraka. Niliogopa kidogo alipokuwa ndani, lakini sasa ninaogopa sana, maana akichoka kungoja atazunguka nyuma aone ngano imelala upande gani. Wanahitaji saa mbili zaidi.

Kiptanui amefika kuchukua maziwa na ninampa hii ndani ya mtungi mkavu. Waachie watu kazi yao, uje. Usije peke yako. Pitia kwa chifu, pitia kwa vijana wa stendi, uje na kelele. Nimekifunika kikombe kwa sahani kisipoe. Ingia, usimwangalie, keti, ukinywe mbele yake chote, kama kilivyokuwa chako siku zote.

Mama yako